Flashi Isiyo na Waya

Aruna Yuma alikosa waya. Alikosa pia mguu wa chuma wa kusimamishia taa, pazia la studio lenye mchoro wa bustani, umeme wa nyumbani, jina lililopakwa rangi juu ya mlango, na moyo wa kuvumilia watu wachafu. Lakini hayo mengine alikuwa ameyazoea. Waya ndio uliomsumbua. Bila ule waya mfupi mweusi unaotoka kwenye kamera kwenda kwenye flashi, flashi kubwa aliyoachiwa na Mgiriki ilikuwa kopo tu lenye kioo.

Mgiriki alikuwa na studio mjini, nyuma ya posta. Mwaka ambao maduka ya wageni yaligawiwa wananchi, studio ile alipewa mtu aliyeipenda kwa sababu ya kiyoyozi chake. Mgiriki alipokuwa akifunga masanduku alimpa Aruna, aliyemwoshea filamu miaka yote ile, kamera moja kuukuu ya Kijerumani na flashi mbili, ndogo na kubwa. Waya wa ile kubwa ulikuwa umetafunwa na panya. Badala ya waya akampa jicho: kidude cha plastiki, kadiri ya kifungo cha koti, kinachochomekwa chini ya flashi.

"Ndogo ikiwaka, jicho litaona, na kubwa itaitika," Mgiriki alisema. "Haitaki waya. Inataka kuona tu."

Kisha akapanda gari kuelekea Zambia.

Tangu hapo Aruna alifanya kazi hivi. Flashi ndogo aliiweka juu ya kamera na kuifunika kitambaa, isimpige mtu usoni. Kubwa, yenye jicho, aliiweka pembeni mwa mteja, upande wa kushoto, juu ya kinu cha mkewe kilichopinduliwa. Akatazama kwenye kidirisha cha kamera, ambapo katikati pana doa la manjano, na ndani ya doa hilo kila uso huonekana mara mbili. Akazungusha lenzi taratibu mpaka nyuso mbili zikakutana zikawa moja. Akabonyeza. Ndogo ikawaka, kubwa ikaitika kutoka kando, na mashavu ya mteja yakapata uduara. Watu wa Kasungami, mtaa wake wa pembeni, walizipenda picha hizo kuliko za mjini. Bwana harusi mmoja alisema kwamba katika picha ya Aruna hata mwenye njaa anaonekana ameshiba, na Aruna aliyapokea maneno hayo kama cheti.

Kamera nayo ilikuwa na tabia yake. Kamera mpya za Kijapani, kama aliyokuwa nayo Adrien, mpiga picha wa maofisa, zina kioo ndani yake ambacho huruka wakati wa kupiga, hivyo kwa nukta ile ile taa inapowaka mpigaji haoni kitu. Ya Aruna haikufumba. Alichokimulika alikiona hapo hapo kilipomulikwa, kama kilivyo. Aruna alisema kupiga picha huku umefumba ni sawa na kula gizani: hujui kilichoingia kinywani.

Basi jioni moja, mvua zilipokuwa zimeanza, mwaka ule bei ya shaba iliposhuka na posho ikashuka nayo, Aruna alimaliza swala ya magharibi akakaa kungoja chakula. Mkewe Alima alikuwa akisonga bukari, yaani ugali. Unga wa posho uliokuja mwezi ule ulikuwa wa kijivu na ulinuka gunia lililolowa. Alima aliuanika juani kwenye ungo asubuhi nzima, ukasogea wenyewe mpaka kwenye kivuli. Aliuchekecha akatoa vilivyotembea, akausonga hivyo hivyo.

Flashi kubwa ilikuwa juu ya rafu, karibu na Kurani na saa. Ikawaka yenyewe.

Mwanga wa flashi huisha kabla mtu hajapepesa jicho. Huu ulikaa. Uliangukia ukuta wa mbele, ule uliopakwa chokaa, na ukutani pakawa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na watu wameizunguka.

"Baba Habiba," Alima akamwambia mumewe, akimwita kwa jina la binti yao, mwiko mkononi, "taa yako iko nawaka."

"Naiona."

"Na kwa ukuta kuko bantu."

"Nao nawaona."

"Beko nakula."

Aruna alivaa miwani yake akasogea. Aliyajua mapazia yale na kabati lile la vioo. Ilikuwa nyumba ya Citoyen Chola, yaani Raia Chola, kule Makomeno kwenye nyumba za wakubwa, ambako aliwahi kupiga picha ya kipaimara kabla Adrien hajapewa kazi hiyo. Chola alikuwa mkuu wa Kamati ya Ustawi, kamati iliyogawa unga, maharagwe na maziwa ya watoto kwa mitaa ya pembeni. Alipenda kupigwa picha akiwa mezani. Kumbe Adrien alikuwa amewasha flashi yake huko Makomeno, na jicho la rafuni, ambalo halikuwa na waya wa kuliambia limtii nani, lilikuwa limeona na kuitika. Aruna alimweleza Alima hivyo, naye akasema sawa, akarudi kwenye chungu.

Sauti haikuja. Harufu ndiyo iliyokuja. Kuku wa kukaangwa, vitunguu, pombe, na jasho la watu wanene waliofunga kola za abakosi, zile suti za serikali, mpaka juu. Aruna alikuwa mtu wa usafi. Alinawa kwa sabuni hata kabla ya kusoma gazeti. Alimwona Chola akichokonoa meno kwa ukucha wa kidole cha mwisho, akiutazama ukucha, kisha akiurudisha mdomoni. Alimwona mama mmoja akipangusa vidole kwenye kitambaa cha meza. Mgeni wa kona alitoa mdomoni gegedu lililomshinda, akalibandika chini ya meza, akatabasamu kwa kamera. Walipomaliza sahani zao, ukuta ukarudi kuwa ukuta. Mafuta yalikuwa yakitiririka juu ya chokaa, na sakafuni, chini ya pale meza ilipokuwa, palikuwa na bawa la kuku lenye alama za meno.

Alima aliliokota kwa vijiti viwili akalitupa chooni. Mafuta aliyasugua kwa majivu. Yaliondoka, yakaacha doa.

Kesho yake majirani waliuliza harufu ile ilitoka wapi, wakaambiwa, na jioni wakaja na vigoda vyao. Citoyen Chola alikuwa na wageni karibu kila jioni, na Adrien hakukosa. Betri za flashi hazikuisha. Aruna alidhani na zenyewe zinapata chochote kutoka mezani. Watu walipiga hodi, wakavua viatu mlangoni, wakakaa kwa mistari, wazee mbele.

"Mama Alima, leo kuko nini?"

"Mbuzi."

"Na pilipili?"

"Iko."

"We Kasonde, sogea! Kichwa yako inafunika mchuzi."

"Mchuzi ni yako? Walikualika?"

"Walikualika weye, na ile suruali?"

Wengine walikuja na bukari yao kwenye sahani. Harufu ilipofika walimega tonge, wakalizungusha hewani karibu na ukuta, wakala. Waliitowelea harufu kama mboga. Kasonde, aliyekuwa akifanya kazi ya kuchimba mifereji njia ya Kinsevere, alisema harufu ya mbuzi inashibisha kuliko ya samaki, na wakabishana juu ya hilo. Aruna aligeuza uso. Aliona haya kwamba mtu mzima anaweza kushushia tonge kwa mbeuo wa Chola, na aliona haya zaidi siku tumbo lake mwenyewe liliponguruma.

Kila jioni kilichobaki sakafuni kilikuwa kile kile: kilichotafunwa. Hakuna kipande kizima kilichowahi kupita ukutani. Palipita mifupa iliyofyonzwa, kokwa za zeituni, makohozi, na siku moja jino la dhahabu, ambalo mwenyewe alilifuata asubuhi kwa gari, akashukuru, akalivaa hapo hapo bila kulisuuza.

Mama Ngalula alikuja mwishoni mwa juma lile. Alikuwa mjane wa Kikasai, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyeuza maandazi zamani wakati ngano ilipopatikana. Jina lake la Adolphine lilikuwa limefutwa na sheria, kama majina mengine ya ubatizo, lakini Alima aliendelea kumwita hivyo wakiwa wawili. Binti yake Laurentine alikuwa amefariki akijifungua. Mtoto alibaki, msichana, na wakunga walimwita Bahati kwa sababu alitoka hai. Hakuwa na ziwa la kunyonya. Kila siku Mama Ngalula alimbeba mpaka zahanati kuomba maziwa ya unga, na kila siku aliambiwa maziwa hayajafika tangu kiangazi. Alimpa uji wa ule unga wa kijivu, aliouchuja kwa kitambaa. Mtoto aliutapika.

Jioni ile ukutani palikuwa na sikukuu ya kuzaliwa kwa mke wa Chola. Baada ya keki, mama huyo aliinuka, akafungua kabati la chini. Ndani yalipangwa makopo tangu chini hadi juu, kila kopo na picha ya mtoto mnono na maandishi kwamba hayauzwi. Alitoa moja, akalikoroga kwenye beseni na maji ya moto, akapiga mluzi. Akaja mbwa mkubwa wa manjano. Alikunywa mpaka beseni likasogea. Kisha akayatapika yote juu ya zulia, wageni wakacheka wakashika matumbo, na mbwa akainama akaanza kuyalamba upya.

Bahati alikuwa mgongoni kwa bibi yake, shingo imelala.

"Ile maziwa ni ya mutoto," Mama Ngalula akasema.

Lilikuwa jambo linalojulikana.

"Baba Aruna, weye njo fotografe. Unaona vile miye naona?"

"Naona, mama."

"Basi. Ile imbwa iko nakunywa mutoto wangu."

Asubuhi alikwenda kwenye ofisi ya Kamati. Alisimama kwenye foleni mpaka jua likapita utosini, akaingia, akaeleza. Citoyen Chola alimsikiliza bila kushangaa. Aliuliza ni ukuta wa nani, na kama una madirisha.

"Mama," alisema, "ukuta haiko témoin, haiwezi kutoa ushahidi. Ukuta haina carte ya uraia. Kama maziwa inafika, tutatangaza ku redio."

Lakini jambo lilimkera, na Jumapili iliyofuata alikuja mwenyewe Kasungami, na dereva. Watu walimpisha kigoda cha mbele. Nyumbani kwake mkewe alikuwa na wageni, kwa hiyo flashi iliwaka kama kawaida, na Citoyen Chola akaitazama meza yake mwenyewe akiwa hayupo. Alimwona shemeji yake amekalia kiti chake. Alimwona amevaa ndala zake. Shemeji akafungua chupa ya whisky iliyokuwa imefichwa nyuma ya saa, akawamiminia watu, akapokea paja la kuku lililokuwa haki ya mwenye nyumba.

"Mwizi!" Chola akapiga kelele, akasimama. "Munaona ile mwizi? Chez moi! Ndani ya nyumba yangu!"

"Tunaona, Citoyen," watu wakasema. "Shiye tuko naona kila siku."

Kisha mbwa akapita, beseni likaletwa. Mama Ngalula alinyoosha kidole tu. Chola akalitazama beseni, akarekebisha kola yake.

"Ile imbwa iko mugonjwa ya tumbo," alisema. "Docteur njo alisema apate maziwa." Alilisema kwa upole, kama mtu aliyeulizwa swali la busara. Alipotoka alimgeukia Aruna mlangoni. "Taa yako haina discipline, Vieux, mzee. Kila mutu anaiita, inaitika."

Gari lilipoondoka, Mama Ngalula alikuwa na wazo. Kama mafuta yanapita, alisema, na mfupa unapita, maziwa nayo yatapita. Tangu jioni ile alikuja na kikombe cha bati. Kila beseni lilipowekwa ukutani, alipiga magoti akakishika kikombe chini ya mdomo wa mbwa, kikigusa chokaa, mkono mwingine ukimshika mtoto mgongoni. Watu waliacha kula wakamtazama. Baadaye walizoea, wakamwachia nafasi.

Kilichoingia kikombeni kilikuwa mate ya mbwa. Yalikuwa mazito, ya kijivu, na nywele fupi za manjano ndani yake. Mama Ngalula alitoka nje, akamwaga, akaosha kikombe kwa mchanga na maji, akarudi akakishika tena. Alima aliweka sahani mbele ya Aruna, akaiondoa, akairudisha.

"Kula, Baba Habiba."

"Siwezi."

"Hakuna mwenye anaweza. Kula."

Ndipo Aruna aliposhusha kamera kutoka msumarini. Alisema ukuta hauwezi kwenda ofisini, lakini picha inaweza. Ofisi kubwa ya mkoa haikuwa ofisi ya Chola. Huko kulikuwa na watu waliosoma, na mtu aliyesoma akiona mbwa na kopo na mtoto katika fremu moja hahitaji kuelezwa. Alinunua filamu mpya. Jioni ikafika, flashi ikawaka, meza ikaja, beseni likawekwa, Mama Ngalula akapiga magoti na kikombe. Aruna akaegemeza viwiko juu ya meza yake, akatazama kidirishani. Ndani ya doa la manjano palikuwa na mbwa wawili, makopo mawili, na nyuso mbili za Bahati. Akazungusha lenzi mpaka mbwa wakawa mmoja na mtoto akawa mmoja.

Hapo alisita. Mwanga ulikuwa ukitoka rafuni, nyuma ya kichwa chake, ukimpiga mtoto usoni moja kwa moja, bapa, mkavu, ukionyesha mashimo ya macho. Picha mbaya. Hakuwahi kutoa picha ya namna ile chini ya jina lake. Akainuka, akaishusha flashi, akaiweka juu ya kinu upande wa kushoto, kama alivyomfanyia kila mteja aliyemheshimu. Ukuta haukuzimika, ulikubali kumulikwa kutoka kando vilevile. Akarudi, akapima tena, akabonyeza. Kamera haikufumba, naye aliona kila kitu.

Picha ilikuwa safi kuliko zote alizowahi kupiga. Ungeweza kuhesabu nywele za mbwa. Maandishi ya kopo yalisomeka. Aliifunga pamoja na maelezo mafupi, akaipeleka mwenyewe ofisi ya mkoa, akiwa amevaa koti lake la Idi, na mtu wa mapokezi akaipokea kwa mikono miwili.

Wakangoja. Jioni ziliendelea. Palikuwa na bata, palikuwa na samaki wa ziwani walioletwa kwa barafu, palikuwa na nyama ya nyati. Bahati hakulia tena. Alifungua mdomo tu, bila sauti, kama watu wa ukutani.

Alikufa alasiri moja mvua ikinyesha. Nyumba ya Mama Ngalula ilivuja, kwa hiyo matanga yaliwekwa kwa Aruna, na wanawake wakakaa chini na vitambaa vichwani, kaniki mabegani. Jioni flashi ikawaka, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuigeuza. Ukutani ilikuwa harusi. Mwanga wa karamu ukawaangukia waliokuwa wakilia, harufu ya keki ikaingia katikati ya wimbo wa kanisa, na meno ya wageni wa ukutani yakaendelea kutafuna kama cherehani juu ya vichwa vyao mpaka sahani zikaisha. Mama Ngalula alikuwa na kikombe mapajani. Mbwa alipoletwa alikishika ukutani, kwa mazoea, kisha akakumbuka, akakishusha.

Jibu lilikuja baada ya maziko. Lililetwa na Citoyen Chola mwenyewe, katika gari, pamoja na Adrien na kamera yake ya Kijapani, na bendera ndogo. Watu waliitwa wasimame uani. Chola alifungua karatasi akasoma kwa Kifaransa, kisha akaeleza kwa Kiswahili. Ofisi ya mkoa ilikuwa imeipokea picha ya raia Aruna Yuma na kuipitisha kwa mabwana wakubwa. Wote waliisifu. Waliona kwamba mbwa ni mzima na anatunzwa. Waliona kwamba mtoto ana mashavu mazuri ya mviringo, ushahidi wa kazi ya Kamati ya Ustawi, na picha itawekwa kwenye kalenda ya mwaka ujao. Waliona vilevile, kwa masikitiko, kwamba fundi hodari kama huyo anafanya kazi bila waya.

Aruna alisikia neno mashavu, akatazama kinu kupitia mlango uliokuwa wazi. Kilikuwa pale pale, kimepinduliwa.

"Mutoto alikufa," Kasonde akasema kutoka nyuma.

"Ku foto iko muzima," Chola akajibu, bila ukali. "Foto njo inabakia."

Akamkabidhi Aruna kifurushi cha karatasi ya nta. Ndani yake mlikuwa na waya mweusi, mpya, wa Kijerumani, umekunjwa kama nyoka mdogo aliyelala. Chola akamwomba auchomeke hapo hapo, watu waone. Aruna akaleta kamera na flashi uani, akauchomeka, upande mmoja kwenye kamera, upande mwingine kwenye flashi, pale jicho lilipokuwa. Jicho likaanguka chini. Dereva wa Chola akalikanyaga, si kwa makusudi, akaomba radhi.

"Vieux Aruna, cheka kidogo," Adrien akasema, akiinua kamera yake. "Zamani ulinifundisha weye mwenyewe. Inua kidevu."

Flashi ya Adrien ikawaka. Ya Aruna ikanyamaza.

"Voilà," Chola akasema. "Sasa inajua bwana wake."

Akaongeza, akiwa ameshapanda gari, kwamba ofisi inangoja barua ya shukrani. Bila barua hiyo, kibali cha kupiga picha kitarudishwa mjini. Dereva angepita kuichukua kesho.

Jioni watu walikuja na vigoda wakakaa mbele ya ukuta. Aruna aliuchomoa waya, akaiweka flashi rafuni kama zamani, peke yake. Haikuwaka. Kasonde alitafuta vipande vya jicho uani, akavibandika kwa ulimbo, akavichomeka. Haikuwaka. Ilikuwa imeshaonja waya. Wakakaa kidogo wakila bukari kavu, na mmoja alilalamika kwamba haipiti kooni bila harufu. Kisha wakachukua vigoda wakaenda. Mama Ngalula alibaki, na kikombe chake, akitazama lile doa la mafuta, ambalo Alima alikuwa amelipaka chokaa mara nyingi na ambalo lilirudi kila asubuhi, likiwa limelowa.

"Adolphine," Alima akasema, "haitakuja tena."

"Najua. Niko napumuzika tu."

Huko Makomeno waliendelea kula. Hilo lilijulikana kwa sababu gari la Kamati lilionekana likipakua magunia, na mbwa alinenepa.

Asubuhi Aruna alinawa mikono kwa sabuni, akakaa mezani, akafungua wino. Mwandiko wake, alioupata shule ya jioni ya mapadri, ulikuwa umenyooka kuliko wa karani yeyote, na hakuuharibu. Aliishukuru ofisi ya mkoa. Alimshukuru Citoyen Chola. Aliandika kwamba waya umefika salama, kwamba unafanya kazi, na kwamba taa yake haiitiki tena asipoiita yeye. Hapo alichovya kalamu tena, akimtazama mkewe. Kisha akaandika kwamba kuanzia leo yeye, Aruna Yuma, mpiga picha wa Kasungami, hakosi chochote. Akatia sahihi.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu. Alima alikwenda jikoni akarudi na kipande cha bukari ya jana kwenye ncha ya kidole. Kilikuwa cha kijivu, na ndani yake mlikuwa na kitu kilichokuwa bado kinajikunja. Aruna alikipaka kwenye mdomo wa bahasha, akakunja, akabonyeza kwa gumba mpaka kikashika. Dereva alikuwa tayari anapiga honi. Aliipokea barua dirishani, akaileta puani, akainusa, akasema inanuka chakula, na akaondoka nayo.